Benki imelipa, nyavu zimekuja sizo: hasara ni ya nani?

Muagizaji wa Igogo:
Mwangaluka wana Mwanza. Niliagiza China nyavu za sangara zenye matundu ya inchi 6. Sikutaka kumtumia TT, yaani fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake, mtu nisiyemjua hata sura, nikaenda benki wakanifungulia LC (letter of credit), barua ambayo benki inaahidi kumlipa muuzaji akileta nyaraka zinazotakiwa. Fedha yote ya mzigo niliiweka taslimu kama dhamana, na ada wakakata juu yake. Kontena likashuka Dar, lori likapandisha mzigo hadi huku, tunafungua marobota: inchi 3! Kurudi benki naambiwa wameshalipa, nyaraka zilikuwa safi. Nyaraka safi, nyavu sizo. Sasa hiyo LC ilikuwa inamdhamini nani? Wenye uelewa nisaidieni, wenye matusi kaeni nayo.

Mama Karani Mstaafu:
Ilikuwa inamdhamini muuzaji, mwanangu. Benki ilimwahidi yeye: leta ankara, hati ya shehena na bima kama LC inavyosema, nakulipa. Haikuahidi kufungua robota na kupima matundu. Mambo haya yanakwenda kwa kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa kule Paris, toleo namba 600, zinatumika tangu Julai 2007. Kifungu cha 5 kinasema benki inashughulika na nyaraka, si bidhaa. Ina siku 5 za kazi kuzikagua. Ikiona zimepishana na LC inaweza kukataa kulipa. Je, kwenye maombi uliandika kwamba lazima kiwepo cheti cha ukaguzi kutoka kampuni isiyo ya muuzaji, kinachotaja inchi? Hukuandika. Vijana mnasaini fomu kama mnasaini daftari la rambirambi.

Muagizaji wa Igogo:
Mama, rambirambi imeingiaje hapa? Nimezika mzazi mwaka huu. Heshima yako, lakini hilo sijalipenda.

Mama Karani Mstaafu:
Pole mwanangu, sikujua. Ila fomu hukuisoma.

Boda wa Buzuruga:
Umekopa benki halafu unalia. LC ni barua ya mkopo, jina lenyewe linasema.

Dada wa Makoroboi:
Kaka Boda, amekwambia ameweka fedha yote taslimu. Amekopa nini hapo? Hilo neno la Kiingereza, credit, asili yake Kilatini, maana yake kuamini. Mchina hamwamini mtu wa Igogo, anaiamini benki, basi. Mkopo ungekuwepo kama benki ingelipa kwa fedha yake, yeye auze nyavu ndipo arudishe. Hata mkulima anayepeleka mazao ghalani akapewa stakabadhi, akaipeleka benki wampe fedha kabla mzigo haujauzwa, naye yuko kwenye mambo hayahaya ya fedha za biashara, trade finance. Sheria ya stakabadhi ghalani ni ya 2005. Wengi wetu tunafanya biashara hii bila kujua jina lake.

Boda wa Buzuruga:
Kilatini tena. Haya, padri.

Wakili wa Kapripoint:
Mnapita mbali na jibu. Upenyo upo: udanganyifu. Kuna kesi ya New York ya 1941, mnunuzi aliagiza kutoka India nywele ngumu za kutengenezea brashi. Muuzaji akajaza makasha manyoya ya ng'ombe na takataka, hati zikaandikwa vizuri kabisa. Mnunuzi akawahi mahakamani KABLA benki haijalipa, na jaji akakataa kuitupa kesi yake. Muagizaji, ulipata fununu lini? Kama malipo yalikuwa ya baada ya siku 90, inawezekana kuna kitu cha kufanya.

Mtoto wa Ukara:
Mimi swali langu dogo tu. Inchi 3, matundu ya kunasa samaki wachanga, zimekujaje kwa bahati mbaya? Mchina hajui ziwa letu. Aliyeagiza anajua anachovua. Isije ikawa tunalia na mtu wa timba, zile nyavu haramu, hapa.

Muagizaji wa Igogo:
WEWE! Timba nimeuza lini? Njoo Igogo useme hivyo mbele yangu. Proforma, ile ankara ya awali ya muuzaji, ninayo, imeandikwa 6, nitaipiga picha niiweke hapa.

Mtoto wa Ukara:
Weka.

Mzee wa Mwaloni:
Mtoto wa Ukara amesema kweli kwa jumla, simsemi mtu. Sangara wa kubebwa na watu wawili umemwona lini Kirumba? Tunakula watoto wake. Nyavu zilipokuwa zinachomwa 2018, kwenye ile Operesheni Sangara ya serikali dhidi ya uvuvi haramu, nilisimama ufukweni naona moshi, nikasema haya ni maonevu. Leo sijui niseme nini.

Dada wa Makoroboi:
Mzee, waliochomewa walikuwa wavuvi. Wenye kontena hawakunusa hata moshi.

Mzee wa Mwaloni:
Ndiyo hapo sasa.

Boda wa Buzuruga:
Na mabondo je? Watu wanawinda bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, kuliko minofu. Bondo linakwenda Hong Kong, sisi tunabaki na vichwa na mifupa ya samaki, mapanki. Hiyo nayo ilipiwe LC?

Mtoto wa Ukara:
Usiguse mapanki, yamesomesha watoto huku.

Wakili wa Kapripoint:
Jamani, siku 90 au papo kwa papo? Hilo ndilo lenye fedha ya mtu ndani yake.

Muagizaji wa Igogo:
Papo kwa papo, wakili. Hati zilifika kabla ya kontena, benki ikazipitia, ikalipa. Mimi nilikuwa Bunda harusini, nikapata meseji kwamba fedha imekatwa, nikafurahi kabisa.

Wakili wa Kapripoint:
Basi benki iache. Amebaki Mchina, na mkataba wenu wa mauzo. Unasema mgogoro ukasikilizwe wapi?

Muagizaji wa Igogo:
Mkataba gani? Tuliandikiana WhatsApp.

Mama Karani Mstaafu:
Sisemi kitu.

Muagizaji wa Igogo:
Proforma hiyo hapo juu, nimeiweka. Someni wenyewe, inchi 6. Mtoto wa Ukara uko wapi?

Mtoto wa Ukara:
Nimeiona, kaka. Nisamehe. Sasa hayo marobota ya inchi 3 utayafanyaje? Kama unapunguza mzigo nipe bei ya robota moja. Nataka kuzungushia banda la kuku.

Dada wa Makoroboi:
Kuku wa Ukara wanaogelea?

Mtoto wa Ukara:
Bei kwanza, dada.