Inzi waliotoka kwenye viwavi wa nondo: ni wa jamii gani?

MlinziWaNondo: Wakuu, nafuga viwavi wakubwa wa kijani wenye pembe mkiani. Baadhi yao walikuwa na vidoa vyeupe nyuma ya kichwa, vigumu, havibanduki hata kwa brashi. Wakaacha kula, wakalegea, kisha mabuu wakawatoboa ngozi, wakajifukia kwenye udongo na kugeuka vidonge vya kahawia. Sasa wametoka inzi wa kijivu wenye mistari myeusi mgongoni na nywele ngumu kama miiba. Nimewapiga picha kwa juu. Ni spishi gani?

Jani_Kavu: Inzi wa nyama hao. Wanafuata mizoga. Mistari mgongoni ndiyo alama yao.

BawaMbili: Jani_Kavu, mistari haitoshi. Inzi wa nyama huwa na mitatu, lakini Tachinidae (jamii ya inzi ambao mabuu wao hukua ndani ya wadudu wengine) wengi nao wana mistari, mara nyingi minne, na kwenye picha ya juu ni rahisi kuwachanganya.

MlinziWaNondo, mlaze inzi ubavu umtazame kwa lensi. Mwishoni mwa kifua kuna kigao cha nusu duara, skutelamu. Chunguza chini yake. Tachinidae ana kivimbe kilichotuna hapo, kama mdomo wa chini uliovimba. Inzi wa nyama hana.

Vile vidoa vyeupe vinanifurahisha zaidi, kwa sababu ni mayai. Si Tachinidae wote wanaobandika mayai juu ya ngozi: Compsilura concinnata humdunga kiwavi na kumwingizia buu moja kwa moja, na wengine hutaga vijiyai vidogo mno kwenye majani ili kiwavi avimeze akila. Mayai makubwa meupe kwenye kiwavi mwenye pembe yananipeleka kwanza kwa Winthemia, kisha Exorista, zote jenasi za Tachinidae. Tazama macho: ya Winthemia yana vinyweleo.

Jina la spishi usilidai kwenye picha. Tachinidae waliokwisha kuelezwa wanapita 8,500, na mara nyingi lazima mtaalamu achunguze viungo vya uzazi vya dume. Mpe kielelezo kizuri basi. Usimuue inzi aliyetoka sasa hivi. Mwili wake bado laini na ukikauka utajikunja. Mwache akomae. Ganda alilotokea likae naye kwenye pini ileile, pamoja na jina la kiwavi, mmea aliokula, tarehe buu alipotoka na tarehe inzi alipotoka. Nakusihi sana kwa hilo. Inzi asiye na taarifa za mwenyeji wake, yaani kiwavi aliyekulia ndani yake, amepoteza nusu ya thamani.

MlinziWaNondo: Asante sana mkuu. Kivimbe kipo, na macho yana vinyweleo! Ila chombo kimoja kilikuwa na viwavi wa aina mbili. Nitajuaje nani katoka kwa nani?

BawaMbili: Safi, hao ni Tachinidae, na uwezekano kuwa ni Winthemia unazidi. Kuhusu mwenyeji, usitupe ngozi za viwavi waliokufa. Maganda ya mayai hubaki yamegandamana nazo, na tundu la buu huonekana. Kiwavi mwenye vyote viwili ndiye mwenyeji. Angalia pia ngozi walizojivua wakiwa hai: kiwavi akijivua kabla yai halijaanguliwa, yai huondoka na ngozi naye hupona, kwa hiyo yai kwenye ngozi ya zamani si ushahidi. Ukishindwa kutenganisha, andika majina yote mawili kwenye lebo na alama ya kuuliza. Raundi ijayo kila kiwavi apewe chombo chake.

Jani_Kavu: Naomba picha ya ubavuni, nami nikione hicho kivimbe.