Naomba ushauri: chai ya viungo inageuka chungu kwenye chupa

Habari zenu wapendwa. Kipupwe kimeingia Dar, na baba yangu anatoka alfajiri kwenda mnadani Feri kununua samaki. Upepo wa bahari pale saa kumi na moja si wa mchezo kwa mtu wa umri wake. Nataka abebe chupa ya chai ya viungo ya maana, siyo maji ya rangi.

Kariakoo nimepata mdalasini wa magome, iliki, karafuu na pilipili manga. Tangawizi naiponda mbichi, naichemsha kwanza na maji mpaka harufu ijae jikoni, ndipo natia maziwa, maana ikiwahi kukutana nayo mbichi inayakata. Hapo sina shida.

Shida ni karafuu. Lita moja natia punje nne. Ikitoka jikoni chai ni tamu kabisa, ila ikikaa kwenye chupa saa mbili tatu inakuwa chungu na inakaza ulimi. Nichuje viungo vyote kabla ya kumimina, au karafuu ziingie mwishoni tu? Au ni majani ya chai? Halafu mzee ana vidonda vya tumbo: pilipili manga niiache kabisa?

Wenye uzoefu nisaidieni tafadhali, kesho anatoka tena.