Naomba ushauri: nidai ushahidi gani kabla shule haijakubali programu ya stadi za kijamii na kihisia?

Mwl_Rehani

Wanajamvi, salaam. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi shule ya msingi. Uongozi umeletewa programu ya stadi za kijamii na kihisia, yaani masomo ya kutuliza hisia na kuelewana na wenzako, kwa darasa la kwanza hadi la tano, nami nimepewa kazi ya kusoma tafiti na kuleta mapendekezo kabla ya muhula ujao. Waliotuletea wana kabrasha la kupendeza, na karibu kila ukurasa umeandikwa "imethibitishwa na tafiti". Nilipouliza ni tafiti zipi, nikaoneshwa grafu mbili zisizosema watoto walikuwa wangapi wala walilinganishwa na nani.

Sifichi kwamba natamani kitu hiki kifanikiwe. Nina mtoto wa darasa la pili ambaye akikosea hesabu moja anachana ukurasa mzima. Nina mwingine anayelijua jibu, unaliona kabisa usoni kwake, lakini mkono hauinui. Watoto kama hawa wanahitaji msaada wa kweli, na muda wa ratiba tutakaoutoa hautarudi.

Kwa hiyo naomba mnisaidie: programu hizi zinafanya kazi kweli? Niwaulize nini hawa waliotuletea? Na tukianza, tutajuaje kwamba watoto wetu wanafaidika?

---

Mchambuzi_T

Mwalimu, hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini. Jibu fupi: kwa wastani zinasaidia, faida yenyewe ni ya kiasi, na nyuma ya huo wastani kuna zilizofaulu vizuri na zilizogonga mwamba.

Anzia na uchambuzi wa Durlak na wenzake wa mwaka 2011. Walikusanya tathmini za programu 213 za shuleni, zenye wanafunzi 270,034 kuanzia chekechea hadi sekondari, wakalinganisha waliopata programu na wasiopata. Waliopata walikuwa na stadi bora, walielewana zaidi na wenzao, na vurugu na msongo vilipungua. Kwenye masomo walipanda pointi 11 za pasentaili. Wauzaji wanaipenda sana namba hii na wanaieleza vibaya, kana kwamba kila mtoto ataongeza alama 11 kwenye mtihani. Ukiwapanga wanafunzi 100 kuanzia wa chini hadi wa juu, yule wa katikati angesogea kutoka nafasi ya 50 hadi karibu na ya 61. Si haba hata kidogo. Ila ujue kwamba ni sehemu ndogo tu ya tafiti zile iliyopima masomo.

Mwaka 2017 Taylor na wenzake wakaangalia kinachobaki baada ya programu kwisha: tathmini 82, wanafunzi 97,406, waliofuatiliwa kuanzia miezi sita hadi miaka 18. Faida bado ilikuwepo. Mwaka 2023 Cipriano na wenzake wakachambua tafiti 424 kutoka nchi 53, na mwelekeo ukawa uleule.

Sasa soma na upande wa pili. Mwaka 2010 Marekani ilitoka ripoti ya serikali iliyopima programu saba kwa pamoja, katika shule 84, watoto wa darasa la tatu hadi la tano, shule zikiwa zimegawanywa kwa bahati nasibu. Kwa wastani hakukuonekana tofauti yoyote ya maana. Sababu moja inayotajwa ni kwamba shule za kulinganishia nazo zilikuwa na shughuli zake za aina hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa "imethibitishwa", uliza: ilishindanishwa na nini? Na darasa lisilofanyiwa chochote, au na walimu waliokuwa tayari wanajitahidi kivyao?

Halafu uliza nani alifundisha. Katika ule uchambuzi wa 2011, matokeo ya masomo yalipanda pale tu ambapo wafundishaji walikuwa watumishi wa shule yenyewe, si wageni wanaokuja na kuondoka. Kama mpango wa hao jamaa ni kuwaletea mkufunzi wao mara moja kwa wiki, hapo pana shida.

---

BabaMlezi

Mimi ni mzazi, naomba niseme bila kuzunguka. Malezi ni kazi ya nyumbani. Sitaki mwanangu akalishwe kwenye duara aulizwe "nyumbani kuna nini kinachokuhuzunisha" mbele ya watoto wenzake, kesho iwe habari ya shule nzima. Mwalimu, kama programu yenu ina mambo hayo, wazazi waambiwe kabla.

---

Bi_Mwalimu

BabaMlezi, hofu yako ni ya haki, lakini programu nzuri haifanyi hivyo. Nilifundisha kwa PATHS, mojawapo ya programu hizi, nikiwa na watoto wa darasa la kwanza, niwaeleze inavyokuwa.

Kuna hadithi ya kobe anayekasirika haraka. Mtoto anafundishwa kwamba hasira ikimpanda aingie kwenye gamba: anasimama, anajikumbatia mikono kifuani, anavuta pumzi ndefu, kisha akishatulia anasema tatizo ni nini na anajisikiaje. Mnafanya mazoezi wakati hakuna aliyekasirika, tena na tena, kwa igizo. Hakuna anayeulizwa mambo ya kwao.

Wiki za mwanzo ni mchezo tu, wanaingia kwenye gamba huku wanacheka. Kisha siku moja wavulana wawili wakagombania kifutio. Mmoja alikuwa ameshakunja ngumi, akasita, akajikumbatia. Alikaa hivyo muda, mabega yanapanda na kushuka, halafu akamwambia mwenzake, "Nimekasirika kwa sababu umechukua bila kuniomba." Yule mwingine alishangaa, akakirudisha.

Kilichofanya kazi pale, kwa maoni yangu, ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa natumia kobe mbele yao nikichoshwa na kelele, na mwalimu wa zamu akiwakuta wanagombana uwanjani anatumia maneno yaleyale. Ingebaki kuwa kipindi cha Jumatano, wangeifahamu hadithi ya kobe na kupigana palepale.

---

Mwl_Rehani

Bi Mwalimu, shukrani sana, sasa napata picha. BabaMlezi, nimekusikia, nitaliweka suala la wazazi kuambiwa mapema. Mchambuzi, swali: hata kama faida ni ndogo, kuna hasara gani kujaribu? Mkuu wetu anasema "haliwezi kumdhuru mtoto".

---

Mchambuzi_T

Mkuu wako hapo namkatalia kwa heshima. Mwaka 2022 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao MYRIAD: shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, nusu ya shule zikafundisha masomo ya utulivu wa akili na uzingativu. Walimu walipewa mafunzo kwanza, kila kitu kilipangwa kwa uangalifu. Haikuonekana kuwa bora kuliko shule zilizoendelea na utaratibu wake wa kawaida, na wengi wa wanafunzi hawakuwa wakifanya mazoezi yale nje ya kipindi.

Mwaka 2023 Australia ikaja na matokeo mazito zaidi. Walishiriki vijana zaidi ya 1,000, na sehemu yao wakafundishwa kwa wiki nane stadi za kudhibiti hisia zilizotokana na tiba inayotumika kwa wagonjwa. Mwishoni waliofundishwa waliripoti sonona na wasiwasi zaidi kuliko kundi linganishi, yaani wale wasiofundishwa, na uhusiano na wazazi wao ulikuwa umeshuka. Baadhi ya tofauti hizo zilififia baada ya miezi kadhaa, na waliofanya mazoezi nyumbani walikuwa na hali nzuri kuliko wasiofanya.

Hao ni vijana wakubwa kuliko wako, na masomo yenyewe ni ya aina nyingine, kwa hiyo usichukue matokeo yao ukayabandika kwa darasa la pili. Lakini dai la kwamba haiwezi kudhuru halina msingi. Ni kama dawa: uliza ilijaribiwa kwa nani, kwa dozi gani.

Na kwa upande wa ahadi za ufaulu, tahadhari. Hiyo PATHS ya Bi Mwalimu ilipopimwa katika shule 45 za eneo la Manchester, ripoti ya 2015 haikuona kwa wastani kwamba imepandisha alama za masomo. Mimi ningeichukua kwa ajili ya watoto kuishi vizuri pamoja, basi. Wanaowaahidi alama, waambieni waoneshe utafiti wa alama.

---

Kalamu_Nyekundu

Naongezea kidogo. Si lazima kitu cha kununua. Good Behavior Game, yaani mchezo wa tabia njema, ilijaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, katika darasa moja huko Kansas. Darasa linagawanywa timu, kanuni chache zinaandikwa ubaoni, timu zote zinaweza kushinda zikizifuata. Miaka ya 1980 ikafanyiwa utafiti Baltimore kwa watoto wa darasa la kwanza, na wale watoto walipofuatiliwa hadi miaka 19 mpaka 21, wavulana waliocheza, hasa waliokuwa wakorofi zaidi, walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wasiocheza. Mchezo wa mwalimu mwenyewe ndani ya kipindi chake cha kawaida. Ungana na uongozi, ila peleka na hili mezani.

---

Mnasihi_Z

Mwalimu Rehani, nikujibu lile la tatu, la kupima, maana watu wengi hulirukia mwishoni.

Tumia dodoso la SDQ. Alilitengeneza Robert Goodman, lilichapishwa mwaka 1997. Lina kauli 25 tu: hisia, tabia, utulivu wa kukaa na kazi, uhusiano na wenzake, na moyo wa kusaidia. Lipo la mwalimu na la mzazi, na kuna tafsiri za lugha nyingi. Jaza kabla ya kuanza na tena mwishoni.

Sasa mtego. Mwalimu aliyefundisha programu kwa moyo wote ndiye huyohuyo anayejaza dodoso. Ataona mabadiliko, na wala hadanganyi, anatamani kuyaona. Kwa hiyo mpe na mzazi ajaze, na umwombe mwalimu mwingine akae uwanjani wakati wa mapumziko ahesabu ugomvi bila kujua darasa lipi limeanza na lipi bado.

Mtego mwingine ni kuchagua wale watoto kumi waliosumbua kuliko wote muhula huu, kuwapa programu, kisha kufurahi muhula ujao kwamba wametulia. Mtoto aliyechaguliwa akiwa kwenye hali mbaya kuliko zote mara nyingi atatulia kidogo hata usipomfanyia lolote. Bila kundi linganishi hutajua.

Na yule wako anayechana ukurasa. Programu ya darasa zima itamsaidia kiasi, lakini usimsubirishe. Kaa naye, zungumza na mzazi, na ikiendelea mpeleke kwa mtaalamu. Majibu ya dodoso yafungiwe, yasisomwe ofisini kwa sauti. Hapo nadhani nimemjibu na BabaMlezi.

---

BabaMlezi

Umenijibu, ahsante. Sharti langu linabaki kwamba mzazi anayekataa dodoso akubaliwe, na mwanawe asitengwe.

---

Mwl_Rehani

Limeandikwa, BabaMlezi.

Nimeamua nitakachopeleka. Waliotuletea walete tafiti zenyewe, waseme zilifanywa kwa watoto wa umri gani na walilinganishwa na nani. Wafundishaji wawe walimu wetu, wapewe mafunzo kabla, na walimu wote wa zamu wajue maneno yanayotumika. Mwaka wa kwanza tuanze na darasa la kwanza na la pili tu. Nitapendekeza pia ule mchezo wa timu ushindanishwe kwenye majadiliano, kwa sababu hauhitaji kabrasha.

Kinachonitatiza ni kundi linganishi. Tuna mikondo minne kwa kila darasa. Nitamwambiaje mzazi kwamba mkondo wa mwanawe umeachwa?

---

Mnasihi_Z

Usiwaache, watangulie wengine. Piga kura mbele ya wazazi: mikondo miwili ianze muhula huu, miwili ianze muhula unaofuata. Kila mtoto anapata, na ule muhula wa kusubiri ndio ulinganisho wako. Kura ipigwe hadharani, mkuu wa shule asichague mikondo ya walimu anaowaamini zaidi.

---

Mchambuzi_T

Naunga mkono. Ongeza kitu kimoja: kila mwalimu awe na daftari la kuandika kipindi kipi kilifundishwa na kipi kiliahirishwa. Matokeo yakija hafifu, daftari hilo litakuambia kama programu haikufaa au haikufundishwa. Mikondo minane ni michache mno kutoa jibu la uhakika, kwa hiyo usiahidi kuthibitisha chochote, lakini inatosha kuamua kama mwaka wa pili muendelee.

---

Mwl_Rehani

Nimepata. Kikao ni Ijumaa, naenda na hoja hizi na daftari la mfano. Nitaleta mrejesho hapahapa.