Tupeane uzoefu: Viza ya kazi Marekani (H-1B) kwa mwajiri asiyehusika na droo

Mleta mada
Wakuu, habari za majukumu. Kila Machi vijana wetu waliomaliza vyuo Marekani huwa roho juu wakisubiri droo ya H-1B. Nafasi ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 nyingine za waliosoma uzamili au zaidi huko huko. (Msichanganye na bahati nasibu ya grinikadi, ile ambayo hata aliyeko Mbagala anajijazia mwenyewe. Hii, anayekuandikisha ni mwajiri.)

Sasa kuna waajiri ambao droo haiwagusi: vyuo vikuu vya umma na vya binafsi visivyotafuta faida, mashirika yasiyo ya faida yenye uhusiano rasmi na vyuo hivyo, na taasisi za utafiti za serikali au zisizo za faida. Waliopita njia hiyo waje. Habari za "shemeji yake jirani yangu" zisubiri kwanza.

Mtakwimu
Nilimaliza uzamili wa takwimu, kampuni ikaniandikisha, jina halikutoka. Nikaomba kazi idara ya tiba ya chuo kikuu, kuchambua data za wagonjwa wa moyo. Huko hakuna kusubiri Machi wala kuanza Oktoba mosi. Maombi hupelekwa mwezi wowote. Mshahara ulishuka, tena sana, siwafichi.

Kitu ambacho hamtaambiwa kwenye usaili: bosi wa idara anaweza kukupenda mpaka basi, lakini mwenye kauli ni ofisi ya chuo inayoshughulikia viza za wageni. Vyuo vingine vimejiwekea kwamba kazi fulani haviziombei H-1B, basi. Ulizeni kabla ya kusaini ofa. Na gharama za maombi ni za mwajiri, asikukate kwenye mshahara.

Mhasibu wa hospitali
Naongezea: si lazima uwe profesa. Mimi nashika vitabu vya hesabu vya hospitali isiyo ya faida yenye mkataba wa kufundisha wanafunzi wa udaktari. Ila si kila hospitali yenye neno "chuo kikuu" kwenye kibao inaingia. Mwanasheria wetu alitaka kuuona mkataba wenyewe.

Mdau wa Texas
@Mtakwimu, ukishaipata hiyo ya chuo si unarukia kampuni tu?

Mtakwimu
Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukihamia kampuni ya kawaida unarudi kwenye droo kama kila mtu, kwa sababu hukuwahi kuhesabiwa kwenye zile nafasi za droo. Kinachoruhusiwa ni kushika kazi mbili: unabaki chuoni, hata kwa saa chache, na kampuni inakuombea H-1B ya pili bila droo. Siku ukiacha chuo, ile ya kampuni nayo imekosa miguu.

Mwalimu wa Kiswahili
Mimi nilikuja mara ya kwanza kwa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kufundisha Kiswahili kwa viza ya J-1, ile ya mabadilishano ya wasomi. Mwaka ukaisha, nikarudi Morogoro kutumikia miaka 2 ya kukaa nyumbani, ambayo ni lazima kwa aliyelipiwa hivyo. Baadaye chuo kikatangaza nafasi ya mhadhiri, nikaomba, wakaniombea H-1B nikiwa bado Morogoro. Droo sikuisikia hata harufu.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na H-1B kwa kawaida ina kikomo cha miaka 6, kwa hiyo niliulizia grinikadi mapema. Kwa walimu wa vyuo kuna nafuu: chuo kinaweza kutumia usaili ule ule ulionipa kazi, mradi kipeleke ombi Wizara ya Kazi ndani ya miezi 18 tangu nilipochaguliwa. Wakizembea, tangazo la kazi linarudiwa upya, na hapo anaweza kutokea mwenye sifa kukupita.

Mdau wa Dodoma
Mwalimu uliwahi. Mimi nilipewa ofa ya utafiti wa udongo, chuo kikaifuta baada ya tangazo la Rais Trump la Septemba 2025, lile la dola 100,000 kwa anayeombewa H-1B mpya akiwa nje ya Marekani. Kukwepa droo hakumsamehi mtu ada hiyo. Oktoba idara yao ya uhamiaji ikafafanua kwamba aliye ndani, mathalani mwanafunzi anayebadilisha hadhi kutoka viza ya masomo, haimhusu. Sisi wa huku ndio tumefungiwa. Kuna aliyepenya?

Mwalimu wa Kiswahili
Waulize hao hao kama watakuchukua kwa J-1 ya watafiti, pale zuio la viza za J kwa Watanzania lililoanza Januari 2026 litakapoondolewa. Haina kikomo cha idadi, ada hiyo haiigusi, na inaweza kufika miaka 5. Ila kabla hujakubali, tazama nani analipa. Fedha ikiwa ya serikali, yao au yetu, ile miaka 2 ya kurudi nyumbani itakubana, na H-1B hutaiona mpaka uitumikie au usamehewe.

Mdau wa Dodoma
Fedha ni ya wakfu binafsi. Nawaandikia leo.