Mbuzi wa upele: utitiri wamekufa, mbona ngozi bado nene?

Mfugaji_Bahi: Mbukwenyi wadau. Nina mbuzi 14 wa kienyeji hapa Bahi. Kiangazi hiki jike mmoja mwenye mimba alianza kujikuna kwenye mgunga wa zizini hadi masikio yakawa kama yamepakwa majivu. Wakafuata wengine wanne. Nimewachoma ivermektini, dawa ya kuua utitiri, mara mbili, siku 14 katikati. Kujikuna kumekoma, magamba yanabanduka. Lakini ngozi ya shingoni nikiibana kwa vidole ni nene, ina makunyanzi, ngumu kama ndara ya tairi. Muuzaji wa dawa anasema dawa imegoma, niwachome kila baada ya siku tatu. Uzao wa jike huyo ndio unaonilipia ada ya mtoto. Nifanye nini?

Mama_Zizi: Pole sana ndugu yangu. Sindano acha kwanza! Wangu huku Kongwa walikuwa hivyohivyo, wakapona. Samadi ya zizi umeitoa? Na ukiwashika nawa kwa sabuni, huo upele unawasha hata watu.

Tabibu_wa_Mifugo: Mkuu, huo unene si utitiri. Utitiri huchimba tabaka la juu tu la ngozi, humo hutaga mayai na kunya. Mate na mavi yao ndiyo yanayouchokoza mwili. Chini yake, kwenye tishu unganishi (tabaka la ndani la ngozi), mishipa hutanuka, chembe nyeupe za damu hukusanyika, ngozi inavimba. Uchokozi ukidumu wiki nyingi, seli za hapo hufuma nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, nyuzi juu ya nyuzi, na tabaka la juu nalo linazidi kurundika magamba. Ndiyo hayo makunyanzi. Sindano inaua utitiri, haifumui nyuzi. Hizo mwili huzipunguza wenyewe, polepole, na pengine kovu hubaki.

Sindano ya pili ilihitajika kwa sababu ya kwanza haiui mayai. Dawa ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50, kwa hiyo mbuzi wa kilo 25 ni nusu mililita, chini ya ngozi. Kila siku tatu, tena kwa mwenye mimba, hapana kabisa. Ukiwa na shaka, afisa mifugo akwangue ukingoni mwa kidonda mpaka damu ichomoze kidogo, aangalie kwa darubini.

Mfugaji_Bahi: Asanteni mno. Asubuhi hii nimempapasa tena. Shingoni bado pagumu, ila nyuma ya sikio vinyweleo vyeusi vimeanza kuchomoza. Samadi naitoa leo.