Kaka alikuwa jeshi la Marekani anaogopa kufungua kleimu VA, ni kweli nyaraka za watu zilichanwa?

Nyamizi_K
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya VA, ile idara ya Marekani inayohudumia waliolitumikia jeshi. Kaka yangu aliingia jeshi huko akiwa na grini kadi, wakampeleka Djibouti pale Camp Lemonnier, akamaliza mkataba akatoka vizuri na DD-214 yake anayo, ile karatasi ya kuachishwa jeshi. Sasa hivi kifua kinamsumbua, daktari kasema ni pumu, na pua haziishi kuziba, na pumu hakuwa nayo, tumekua naye nyumba moja tunamjua. Wenzake wanamwambia afungue kleimu, yaani aombe malipo ya ugonjwa alioupata jeshini, ila yeye hataki kabisa, anasema kasoma kwamba ofisi za VA zilikutwa zinachana nyaraka za watu na sehemu nyingine maombi yalikaa kabatini miaka na miaka, kwahiyo atume makaratasi yake yapotee halafu aje aambiwe hakuna kitu ulicholeta? Mimi naumia naona anaiacha haki yake hivi hivi. Hayo mambo ni ya kweli au maneno ya mtandaoni? Na kama ni kweli mtu anajilindaje?

Babu Tegete
Dada Nyamizi, kaka yako hajadanganywa na mtu, hayo yote yalitokea na yameandikwa na mkaguzi mkuu wa VA yenyewe. Oktoba 2008 wakaguzi walifungua mapipa ya karatasi zinazosubiri mashine ya kuchana kwenye ofisi kadhaa, Detroit ikiwemo na St. Louis na Waco na St. Petersburg kule Florida, wakakuta humo maombi ya watu na vielelezo vyao, vingine havina nakala popote. Ikabidi uchanaji usimamishwe nchi nzima, wakaweka maafisa maalum wa kusimamia kumbukumbu, na wakakubali kwamba mtu aliyepeleka maombi kati ya Aprili 2007 na Oktoba 2008 yakapotea aruhusiwe kuyaleta upya. Ungedhani wamejifunza. Mwaka 2015 mkaguzi akakuta nyaraka za kleimu tena zinasubiri kuchanwa Los Angeles, akasema ngoja niende ofisi 10 bila kutoa taarifa, akazikuta 69 kati ya nyaraka 155 za kleimu alizopitia zilikuwa zinapelekwa kuharibiwa kimakosa.

Hiyo ya kabatini ni Oakland, California. Ripoti ilitoka Februari 2015, ofisi ilikuwa imekuta maombi 13,184 ya zamani, mengine ya miaka ya tisini katikati, hayajafanyiwa kazi. Na kinachonikera mpaka leo ni kwamba wakaguzi walipotaka kuhakiki ni mangapi yalishughulikiwa baadaye wakashindwa, kwa sababu hata orodha ya hayo maombi yaliyopotea haikutunzwa vizuri.

Sasa kwanini hili ni kubwa hivyo, watu wengi hawaelewi. Kule malipo yako yanaanza kuhesabiwa kutokea tarehe ambayo ombi lako lilipokelewa. Ukikubaliwa leo kwa ombi la miaka mitatu nyuma unalipwa malimbikizo ya miaka mitatu. Karatasi ikipotea ukaambiwa anza upya, hata ukikubaliwa, ile miaka imeliwa. Ndio maana Philadelphia nako palichafuka, ripoti ya Aprili 2015, kulikuwa na waraka wa makao makuu wa 2013 uliosema kleimu iliyokuwa imepotea ndani ya jalada ikionekana inaweza kupewa tarehe ya siku iliyoonekana, ofisi ikautumia vibaya, kleimu kongwe zikapewa tarehe mpya zikaonekana changa na takwimu za ofisi zikapendeza. Yule mtu aliyesubiri miaka akawa kama kaomba jana. Huo siyo uzembe jamani, mtu alikaa akabadilisha tarehe kwa mkono wake.

Wanjiru wa Tacoma
Naongezea hapo kwa Babu Tegete kwa sababu Phoenix watu huichanganya na hizi. Phoenix kule Arizona, 2014, ilikuwa upande wa hospitali za VA si upande wa pesa, lakini ugonjwa ni ule ule wa takwimu. Makao makuu waliweka lengo kwamba mgonjwa aonwe ndani ya siku 14, halafu lengo likafungwa na bonasi na kupandishwa cheo, na madaktari wa kutosha hawakuwepo. Unafikiri meneja atafanya nini? Kuna daktari wa pale, Sam Foote, alistaafu akaenda kusema wazi kwamba kuna orodha mbili, ile inayotumwa Washington na ile ya ukweli. Ripoti ya kwanza ya mkaguzi mwezi wa tano 2014 ikachukua maveterani 226 ikaangalia walisubiri muda gani kuonana na daktari mara ya kwanza, ikapata wastani wa siku 115, na hospitali ilikuwa imeripoti 24. Wengine karibu 1,700 hawakuwa hata kwenye orodha rasmi ya kusubiri, yaani kwa kompyuta hao hawapo. Waziri Shinseki akajiuzulu tarehe 30 mwezi huo huo wa tano.

Kuna watu walifariki wakiwa wanasubiri. Ripoti ya mwisho ya Agosti ilisema haiwezi kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikowaua, na hapo wengi walikasirika sana na mimi nikiwa mmoja wao, sababu familia ya mtu inakwambia alipiga simu wee mpaka akachoka.

Lakini Nyamizi usimwonyeshe brother yako hii post akaishia hapo, tafadhali. Haya ndiyo yanafaa kumfanya aende akiwa amejipanga, si akae nyumbani.

Fundi_Saa
Nimefanya kazi ya kujitolea kusaidia maveterani kujaza fomu kwahiyo niende moja kwa moja kwa kaka. Kwanza habari njema, sheria ya PACT ya Agosti 2022 inaitaja Djibouti kwa jina, kwa aliyekuwepo kuanzia Septemba 11, 2001 kuendelea. Ni kwa ajili ya ule moshi wa mashimo ya kuchomea taka na hewa chafu ya kule. Na pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini imo kwenye orodha, na mafua sugu ya pua na sainosi pia yamo. Maana yake hahitaji kuthibitisha kwamba moshi ndio ulimletea, anahitaji kuonyesha alikuwa Djibouti na kwamba ugonjwa anao. Hayo mawili tu.

Pili, leo hii hii kabla hajalala ajaze fomu ya kutangaza nia, namba 21-0966, au aanze ombi kwenye tovuti ya VA mfumo wenyewe unamrekodia nia. Hiyo inamshikia tarehe mwaka mzima wakati anakusanya vielelezo. Yale maombi ya Oakland yalikuwa vijibarua tu, mtu anaandika karatasi ya kawaida kwamba nataka kuomba, na ndiyo maana yalipotea kirahisi. Machi 2015 VA wakaachana na utaratibu huo wakaleta hii fomu, kwahiyo sasa kuna kitu chenye namba na tarehe.

Tatu asitume orijino. Narudia, orijino ya DD-214 ikae nyumbani. Apandishe skani mtandaoni, kila ukurasa aandike juu jina na namba ya faili lake, akimaliza apige picha ile skrini inayothibitisha imepokelewa. Akituma kwa posta, barua za kleimu zinaenda kituo kimoja kikubwa Janesville, Wisconsin, zinaskaniwa huko, atume kwa rejista yenye risiti ya mpokeaji na risiti aibane kwenye nakala aliyobaki nayo. Baada ya hapo aombe nakala ya jalada lake lote kwa fomu 20-10206, asome mwenyewe aone nini kimo na nini hakimo, wengi wanasubiri mpaka wanyimwe ndio waanze kutafuta.

Halafu asimpe mtu hela ya kumfungulia kleimu ya kwanza. Sheria hairuhusu kutozwa kwa hiyo, vyama vya maveterani vinafanya bure. Kuna makampuni yanazunguka yanataka asilimia ya malipo ya mtu mgonjwa, hao awakimbie.

Nyamizi_K
Asanteni sana wakuu, Fundi_Saa Mungu akubariki. Swali moja, nimeongea naye sasa hivi kasema DD-214 yake haina neno Djibouti popote, imeandika tu ametumikia nje ya nchi. Hapo si ndio watamkamata?

Fundi_Saa
Hawamkamati. Ana haki ya kutumia chochote kinachomweka pale. Barua ya kumwamuru aende, nishani aliyopewa kule na karatasi yake, tathmini zake za kazi, rekodi ya chanjo au ya kliniki ya kambini, na zaidi ya vyote stakabadhi za mshahara za miezi hiyo, aangalie kama zina posho ya eneo la hatari au msamaha wa kodi. Na wenzake waliokuwa naye waandike maelezo wasaini. Baadaye kabisa hata akinyimwa halafu ikapatikana rekodi ya jeshi ambayo ilikuwepo wakati ule ila VA hawakuiweka kwenye jalada, kanuni inawataka waiangalie upya ile kleimu ya mwanzo na tarehe inaweza kurudi nyuma.

Babu Tegete
Hilo la mishahara ni la kweli kabisa. Julai 12, 1973 jengo la kumbukumbu za jeshi karibu na St. Louis liliungua ghorofa ya juu, likateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, hayakuwa na nakala wala filamu, na jengo halikuwa na vinyunyizio vya maji. Kwa jeshi la nchi kavu asilimia 80 ya waliotoka kati ya 1912 na 1960 rekodi zao zilikwenda. Wazee wengi walioangukiwa na moto ule waliokolewa na orodha za malipo zilizokuwa zimetunzwa kwingine, mhasibu wa jeshi alishaandika fulani yuko kikosi fulani mwezi fulani. Kwahiyo kama kaka ana boksi la makaratasi ya zamani asitupe hata moja, hasa yenye hela.

Mjukuu wa KAR
Nimesoma yote. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapigana Burma, na malipo ya kuachishwa jeshi ya Waingereza yalipangwa kwa rangi, Mwafrika akipata kidogo kuliko mzungu wa cheo kile kile, na alipozeeka hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha mtu. Nyamizi mwambie kaka yako yeye anayo ile DD-214, sheria imetaja nchi aliyokuwepo, na fomu ya nia haichukui hata saa. Usiku huu huu akae na wewe kwenye simu muijaze.

Nyamizi_K
Amekubali, anatafuta zile stakabadhi za mshahara kwenye boksi lake. Fundi_Saa, maelezo ya wenzake yana fomu maalum au karatasi ya kawaida inatosha?

Fundi_Saa
Ipo, 21-10210, kila mmoja ajaze yake. Waandike walikuwa kikosi gani, miezi gani, na waliona nini kwa macho yao, wasiandike ya kusikia.