Deni la umeme Houston na mimi sijawahi kukanyaga Texas

Salaam wapendwa, naombeni ushauri wa haraka. Jana nimeenda kwa dila, muuza magari, kuchukua gari, jamaa akanigeuzia skrini yenye ripoti yangu ya mikopo, eti nina deni la umeme dola 1,140 Houston na limeshapelekwa koleksheni, yaani kwa kampuni ya kukusanya madeni. Mimi tangu nishuke kwenye ndege niko Ohio, Texas hata kwa basi sijapita. Hao wa koleksheni wananipigia mpaka kazini, wanasema nikilipa nusu leo wanalifuta. Nilipe tu yaishe?

---

Re: Kaka pole, ila usitoe hata senti. Ukilipa hata dola 20 ni kama umekubali deni ni lako. Na kwenye simu usimtajie mtu soshoo (namba yako ya Social Security) wala tarehe ya kuzaliwa, mwambie nitumie kwa maandishi, ikifika una siku 30 za kuwaandikia kwamba hulitambui, na wakishaipata barua yako hawaruhusiwi kuendelea kukudai mpaka walete uthibitisho.

Halafu ingia annualcreditreport.com, siku hizi ni bure kila wiki, uchukue ripoti zako zote tatu za mikopo, ya Equifax, ya Experian na ya TransUnion, maana kosa linaweza kuwa kwenye moja tu. Watu wengi wanakimbilia ukurasa wa madeni, wewe anza na ule wa majina na anwani. Mimi mwaka juzi nilikaa mezani jikoni na kalamu ya njano, ugali unapoa, nikakuta jina langu limeandikwa namna nne na anwani ya Arizona ambako simjui hata mtu mmoja. Na sisi tuliotoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, unajua mwenyewe, nusu ya kambi kwenye makaratasi tumezaliwa tarehe 1 Januari, ukiongeza jina ambalo liko kila mtaa, kompyuta inatuchanganya kama mapacha. Kwangu ilikuwa kadi ya duka ya mwanamke mwingine kabisa.

Ukiona ndo hivyo waandikie wenye ripoti iliyokosea, uwaambie mistari ipi siyo yako na anwani ipi hukuwahi kuishi, weka nakala ya kitambulisho na mkataba wako wa nyumba ya Ohio wa miaka hiyo. Onlaini inawezekana, ila mimi napenda posta, ile ya kusaini risiti ikarudi kwako, dola chache tu lakini hakuna wa kukuambia hatukupata. Wana siku 30 za kuchunguza, mara nyingine 45. Hao wa koleksheni nao watumie barua yao.

Ila kama mtu katumia soshoo yako kabisa, huo ni wizi, ripoti IdentityTheft.gov halafu ufungie krediti yako kote kutatu ili mtu asikope kwa jina lako, ni bure, dili la gari likiiva unafungua kwa muda.

---

Re: Re: Dada asante sana, nimezichukua usiku huohuo. Iko kwenye moja tu! Jina la kwanza na la mwisho ni langu, la kati silijui, na anwani mbili za Houston. Barua nimeipeleka posta leo mchana, na wale wa koleksheni nimewaambia waandike, wakakata simu. Huyo ndugu wa Houston sijui kama naye kaletewa mkopo wa Corolla yangu ya zamani, na kama kalipia hata mwezi mmoja mimi sitampinga.